Ulalo wa Bi Solveig

Maili tisa nje ya Bemidji, kutoka baraza la nyuma
hadi ukingo wa ziwa ni futi mia na arobaini.
Sitini za kwanza ni nyasi.
Zinazobaki ni kinamasi: tope jeusi, matete,
na kobe mmoja ambaye Duane humwita mwenye nyumba.

Bi Solveig Tveit alisimama mlangoni,
mikono juu ya kigari chake cha kutembelea,
akasema miaka sita hajayagusa maji yale,
anayaona tu, kama picha ya marehemu ukutani.
Kisha akauliza bei.

Mkaguzi wa kaunti akaja na buti na makaratasi.
Upana usizidi futi nne. Mwanga upenye kati ya mbao.
Matete yasiguswe ila pale nguzo itakaposimama.
Nilimpenda mtu yule: alivyoyatetea matete
ungedhani ni watoto wa dada yake.

Tope la huku halina adabu.
Unaligonga, linacheka; unajivuta, linameza buti.
Moja nililiachia hukohuko, la kushoto.
Watakaochimba karne ijayo na washangae:
mguu wa nani huu, namba thelathini na nane,
nao ulikuwa ukienda wapi?

Ulikuwa ukienda majini, polepole,
boriti kwa boriti,
pimamaji mkononi, kipovu chake kikihangaika
kama mgeni asiyejua akalie kiti gani,
mpaka kikatulia katikati.

Baina ya ubao na ubao naacha nafasi ya msumari.
Ikiwa finyu, mbao zikinywa mvua zitasukumana,
zitabinuka, kama ndugu walioachiwa urithi wa chumba kimoja.
Ikiwa pana, gurudumu litanasa.
Futi themanini zote, msumari uleule:
nauchomeka, nauchomoa,
jioni nautia mfukoni pamoja na funguo.

Kambini, nilipokuwa na miaka tisa,
masika yaligeuza njia ya chooni kuwa mto.
Mama akapanga matofali mabichi, kumi na moja,
kwa urefu wa hatua yangu, si yake.
Yeye aliyapita amejikunja, vihatua vidogovidogo,
mtu mzima anayecheza mchezo wa watoto.
Wiki mbili, yakayeyuka. Akapanga mengine.
Sikujua kwamba ule ni ufundi,
kwamba una kipimo,
na kipimo ni mguu wa atakayepita.

Basi nilipofika futi ya sitini nilirudi juu
nikamwazima Bi Solveig kigari chake.
Nikakisukuma mwenyewe, nimeinama,
nimezeeka kwa makusudi.
Tak, tak, tak, mpaka ubao wa hamsini na tatu:
pale kikasita.
Nikaung'oa.
Duane akatazama saa yake, hakusema kitu.

Kipande cha mwisho, kile kinachoelea,
hatukukipiga skrubu; tulikitia pini mbili za kuchomoa.
Novemba kinavutwa, kinalazwa nyasini,
kwani barafu ya hapa, alisema Duane, haiombi njia,
hung'oa hata zege.
Nikamwambia kwetu husemwa: mwenye nguvu mpishe.
Akanitaka nirudie. Akalala kifudifudi, penseli mdomoni,
akauandika uvunguni mwa ubao kwa tahajia yake:
MWENYE GUVU PISHE.
Nilitaka kumsahihisha. Nikaona samaki hawatajali.

Jumamosi Bi Solveig alishuka.
Dakika kumi na moja, nilihesabu.
Kwenye ubao wa hamsini na tatu hakusita,
wala hakujua kwamba hapo palikuwa na jambo.
Mwishoni nilimwekea kigoda.
Alivua soksi moja tu, ya kushoto,
akatumbukiza mguu mpaka kifundoni.

"Baridi," akasema,
kwa hasira, kama mtu aliyetapeliwa.
Na mguu hakuutoa.